Ulinganisho: kulipiwa bili, kuzibiwa nyumba bure, au mpango wa kampuni ya gesi na umeme?

Mkazi wa Lewiston (Maine)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasaidia majirani zetu wanaozungumza Kiswahili hapa Lewiston, wengi wao wakiwa wametoka Kivu na Katanga kwa kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, kujaza fomu za msaada wa kupasha nyumba joto. Kila mwaka naona jambo lile lile: familia inaomba msaada wa bili, inaupata, mafuta yanaisha kabla baridi haijaisha, na nyumba inabaki na nyufa zake zote ikingoja mwaka mwingine. Ningependa tulinganishe kwa utulivu njia zilizopo kwa mtu wa kipato kidogo, kwa sababu watu wengi wanazichanganya, na anayezichanganya hukosa ile iliyo bora kwake.

Njia ya kwanza ni LIHEAP, ambayo hapa Maine huitwa HEAP. Mpango huu wa serikali ya shirikisho ulianza 1981, uko chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii, na kazi yake kubwa ni kulipia sehemu ya gharama za kupasha nyumba joto au kuipoza. Kwa kawaida fedha hazipiti mkononi mwa mwombaji, bali hulipwa moja kwa moja kwa muuza mafuta au kwa kampuni ya gesi au umeme.

Njia ya pili ni Weatherization Assistance Program, kwa kifupi WAP, uliotokana na sheria ya 1976, miaka michache tu baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 kuwaonyesha Wamarekani jinsi nyumba zao zilivyokuwa zikipoteza joto. WAP uko chini ya Wizara ya Nishati na haulipi bili hata senti moja. Hutuma mafundi waizibe nyumba, waweke vihami joto (vitu vinavyozuia joto lisipenye) darini na ndani ya kuta, wakague tanuri au boila, kisha waondoke bila kumdai mwenyeji chochote. Tangu uanze umehudumia familia zaidi ya milioni 7, na wizara yenyewe hukadiria kwamba kaya iliyohudumiwa huokoa kwa wastani dola 372 au zaidi kila mwaka.

Njia ya tatu ni mipango ya kampuni za gesi na umeme au ya taasisi za majimbo, ambayo hugharamiwa na tozo ndogo iliyomo katika bili ya kila mteja. Hii hutofautiana sana, na katika majimbo mengine haipo kabisa kwa namna ya maana. Njia ya nne ni kujifanyia mwenyewe kwa plastiki ya madirishani, mpira wa milango na gundi ya kuzibia nyufa.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye sifa za njia ya kwanza na ya pili aombe zote mbili siku moja, kwa kuwa mara nyingi huombwa katika ofisi ile ile ya Community Action, yaani shirika la eneo linalowasaidia wenye kipato kidogo, lakini moyo wake auelekeze zaidi kwenye ile ya pili. Msaada wa bili ni wa msimu mmoja na hutegemea Bunge la Marekani kila mwaka: vuli ya 2025, serikali ya shirikisho ilipofungwa kwa siku 43, fedha za LIHEAP zilichelewa kufika majimboni wakati baridi ilikuwa imeshaanza. Kihami joto kilichokwisha kuwekwa darini hakingoji bajeti ya mtu.

Watu wengi hawaombi WAP kwa kudhani kipato chao kimezidi. Kiwango cha shirikisho ni asilimia 200 ya mstari wa umaskini, na kwa mwongozo wa 2025 familia ya watu wanne ilikuwa chini ya kiwango hicho ikiwa kipato chake cha mwaka hakikuzidi dola 64,300. Wazazi wawili wanaofanya kazi ghalani au katika usafi wa hospitali wanaweza kabisa kuwa ndani yake. Wanaotangulizwa ni wazee, watu wenye ulemavu, familia zenye watoto, na kaya ambazo matumizi ya nishati humeza sehemu kubwa ya kipato. Tazameni jinsi maelezo hayo yanavyofanana na familia zetu.

Naomba wenye uzoefu wachangie, hasa kuhusu nyumba za kupanga na kuhusu nyumba zinazokataliwa.

Mzee wa Portland (Maine)

Nakushukuru, mwanangu, kwa kulileta jambo hili hadharani, lakini kuna mahali ambapo sikubaliani nawe. Ukimwambia mama ambaye tangi lake limekauka mwezi wa kwanza kwamba aelekeze moyo wake kwenye WAP, unamweleza juu ya kitu ambacho kitamfikia baada ya miezi mingi, na pengine baada ya mwaka. Orodha za kungoja ni ndefu. Watoto hawawezi kungoja orodha.

Katika LIHEAP kuna sehemu ya dharura ambayo watu wetu hawaijui. Sheria inautaka uongozi wa mpango uchukue hatua ya kuiondoa dharura ndani ya saa 48 baada ya kaya yenye sifa kuomba, na ndani ya saa 18 ikiwa maisha ya watu yamo hatarini. Kwa hiyo aliyeishiwa mafuta, au aliyepewa barua ya kukatiwa umeme, asijaze fomu ya kawaida akanyamaza, bali aseme waziwazi kwamba yuko katika dharura, na ikiwa ndani mna mtoto mchanga, mgonjwa au mzee, hilo nalo alitaje. Nimewaona watu wakikaa na makoti ndani ya nyumba kwa sababu tu waliona haya kulitamka neno hilo.

Jambo la pili ni pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani. Jimbo letu lilijiwekea mwaka 2019 lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia 2025, likalifikia 2023, na Efficiency Maine, taasisi ya jimbo ya kupunguza matumizi ya nishati, hurejesha sehemu ya gharama, ambayo huwa kubwa zaidi kwa wenye kipato kidogo. Je, si afadhali familia iliyonunua nyumba yake ianze na pampu, ambayo itaipunguzia mafuta mara moja, kuliko kungoja watu wa vihami joto?

Fundi wa Columbus (Ohio)

Shikamoo mzee. Kuhusu dharura nakuunga mkono kabisa. Kuhusu pampu, niruhusu nieleze kwa nini sisi tunaofanya kazi hii tunaanza na kuziba, na nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu nimeona watu wakiwakataza mafundi wasiingie darini kwa kutojua wanachokwenda kufanya huko.

Hewa ya moto hupanda. Katika nyumba ya zamani hupenya kwenye matundu ya taa, pembezoni mwa bomba za maji zinazopanda hadi paani, na kwenye mfuniko wa dari usiokaza, ikatoka nje. Na kila inayotoka juu lazima ibadilishwe na nyingine, kwa hiyo nyumba hugeuka kama dohani na kuvuta hewa ya baridi kutoka chumba cha chini ya ardhi. Mtu huhisi baridi miguuni akadhani tatizo ni dirisha, kumbe tatizo liko juu ya kichwa chake.

Ndiyo maana mkaguzi akifika haanzi na madirisha. Anafunga feni kubwa kwenye mlango wa nje kwa kitambaa kisichopitisha hewa, anaiwasha ivute hewa ya ndani hadi tofauti ya shinikizo ifikie paskali 50, halafu anasoma ni futi ngapi za ujazo zinazopita kwa dakika. Hapo nyumba husema ukweli wake wote: ukipitisha mkono kwenye soketi za umeme, au pale mbao za sakafu zinapokutana na ukuta wa msingi, unahisi upepo kana kwamba uko barabarani. Akiwa na kamera ya kuonyesha joto, ataona pia ni ukuta upi ulio mtupu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuziba matundu ya darini, kisha ndipo kihami joto humwagwa juu yake. Kwa kuta tupu, tunatoboa matundu madogo kwa nje, tunapuliza selulosi, ambayo ni karatasi zilizotumika zikasagwa na kuchanganywa na chumvi za borati ili zisishike moto wala kuliwa na wadudu, hadi ukuta ushibe, halafu tunaziba matundu yale. Nyumba ikishakazwa hivyo huhitaji chombo kidogo zaidi cha kuipasha joto. Mzee wangu, ukifunga pampu kabla ya kuziba, utanunua kubwa kuliko unayohitaji, na siku ya baridi kali bado itashindwa.

Watu huniuliza mbona hatubadilishi madirisha. Kanuni ya WAP inataka kila kazi ya kuokoa nishati irudishe, katika maisha yake, angalau thamani ya fedha iliyotumika. Dola 1 itoke, dola 1 au zaidi irudi. Dirisha jipya ni ghali na akiba yake ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi halipiti, ilhali kuziba dari hupita karibu kila mara. Mkaguzi asiyekupa madirisha hajakudharau.

Kipo pia kipengele cha usalama, nacho ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Nyumba ikikazwa bila kupimwa, moshi wa boila au wa hita ya maji unaweza kurudi ndani badala ya kutoka, na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kwa hiyo tunapima vyombo vya moto kabla na baada, tunaweka vitambuzi, na tukiona nyumba imekaza mno tunaweka feni ya kubadilisha hewa. Kazi haihesabiki kuwa imekwisha hadi mkaguzi wa ubora mwenye cheti aje kuitazama. Nawasihi wanaowasha jiko la gesi na kuacha mlango wa oveni wazi ili kupata joto: msifanye hivyo, hata kwa usiku mmoja.

Kwa walioko Ohio, Columbia Gas ina mpango wake wa WarmChoice unaofanya kazi inayofanana sana na hii bila malipo kwa wateja wake wa gesi. Kiwango cha kipato ni cha chini kuliko cha WAP, lakini mwenye sifa zake aombe kote. Tena kuna PIPP Plus, ambao humruhusu mtu kulipa gesi kwa asilimia 5 ya kipato chake kila mwezi, na umeme vivyo hivyo. Huo ni msaada wa bili, lakini ni wa mwaka mzima, na kwangu una uzito kuliko malipo ya mara moja.

Mama wa Louisville (Kentucky)

Asante sana, fundi, maana sikuwahi kuelezwa hivi. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya zamani ya mbao, na mwaka jana tulikubaliwa kwa kipato. Mkaguzi alikuja, akapanda darini, akashuka, akatuambia kazi haiwezi kuendelea kwa sababu paa linavuja upande mmoja na nyaya za umeme ni za kizamani. Ofisi iliyomtuma haikutupigia tena. Je, tumekwisha kukataliwa moja kwa moja? Na kwa nini mpango wa maskini ukatae nyumba mbovu, wakati maskini ndiye anayekaa katika nyumba mbovu?

Fundi wa Columbus (Ohio)

Pole sana, mama. Swali lako la mwisho ni la haki, na wengi ndani ya kazi hii wamelilia jambo hilo kwa miaka mingi. Hamkukataliwa, mliahirishwa, na tofauti hiyo ina maana katika makaratasi yenu.

Kihami joto kikilowa hakifanyi kazi, na huzalisha ukungu, kwa hiyo juu yake lazima pawe na paa lisilovuja. Nyaya zile za kale, zinazopita juu ya vigingi vya kauri, hutegemea hewa inayozizunguka ili zipoe, na ukizifunika kwa selulosi unaweza kuwasha moto darini. Sababu nyingine ya kuahirishwa ni vamikulaiti, yaani chembe nyepesi za kijivu au za rangi ya dhahabu ambazo zilimwagwa darini kama kihami joto zamani. Nyingi zilitoka katika mgodi wa Libby, Montana, ambao madini yake yalikuwa na asbesto. Ukiziona, usizifagie wala usiwaache watoto wapande huko. Rangi yenye risasi, kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, si lazima izuie kazi, ila mafundi wanatakiwa kuwa na mafunzo ya kuishughulikia.

Fedha za kawaida za WAP haziruhusu kujenga paa upya, ndiyo maana mkaguzi wenu alirudi nyuma. Lakini tangu 2022 Bunge limetenga fungu dogo liitwalo Weatherization Readiness Fund, kwa ajili hasa ya kuzitengeneza nyumba zilizoahirishwa ili ziweze kupokelewa. Ni dogo, halitoshi, na ofisi nyingine haziwatajii watu mpaka waulizwe. Fanyeni hivi: ombeni barua ya kuahirishwa iliyoandikwa, yenye kutaja kila tatizo, kisha ulizeni kama fungu hilo lipo katika ofisi yenu, wakati huo huo ipelekeni barua hiyo katika idara ya makazi ya mji, kwa kuwa miji mingi ina mpango wa matengenezo ya dharura ya nyumba kwa wenye kipato kidogo. Barua ya mkaguzi ina nguvu kuliko maelezo ya mdomo.

Kwa wanaokaa vijijini ipo njia nyingine ya Wizara ya Kilimo, iitwayo Section 504, inayotoa mkopo wa matengenezo hadi dola 40,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa miaka 20, na ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa wenye nyumba waliotimiza miaka 62 wasioweza kulipa mkopo. Kwa Louisville mjini haitakufaa, mama, lakini naiandika kwa ajili ya wengine.

Mpangaji wa Worcester (Massachusetts)

Ningependa kuzungumzia wapangaji, kwa kuwa ndio tulio wengi. Hapa Worcester tunaishi katika nyumba za mbao za ghorofa tatu, familia moja kila ghorofa, na watu hudhani kwamba asiye na hati ya nyumba hana haki ya kuomba. Anayo. Anayeangaliwa kipato ni mpangaji, si mwenye nyumba. Mwenye nyumba anatakiwa tu kutoa kibali cha maandishi.

Kwa nyumba ya familia nyingi, kanuni ya WAP inataka angalau asilimia 66 ya makazi yaliyomo yawe na watu wenye sifa, na kwa nyumba ya familia mbili au nne, asilimia 50 inatosha. Kwa nyumba yetu ya ghorofa tatu maana yake ni kwamba familia mbili zikiwa na sifa, nyumba nzima inaweza kuhudumiwa, pamoja na dari na chumba cha chini. Kwa hiyo usiombe peke yako. Gonga mlango wa jirani, mkae pamoja, mpeleke maombi kwa pamoja.

Mwenye nyumba wetu alisita. Tulipomwonyesha kwamba nyumba yake ingewekewa vihami joto na yeye asitozwe chochote, alitia sahihi. Naye anapotia sahihi hufungwa na sharti muhimu: kanuni za shirikisho zinasema faida ya kazi iwaendee kwanza wapangaji wenye kipato kidogo, na kwa muda uliowekwa kodi isipandishwe kwa kisingizio cha matengenezo hayo. Someni mkataba huo na mtunze nakala yake, kwa sababu hilo ndilo linalowafanya wapangaji wengi waogope, kwamba nyumba ikipendeza watafukuzwa.

Kuhusu ulinganisho wenyewe, huku kwetu njia ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mass Save, inayoendeshwa na kampuni za gesi na umeme za jimbo, huwahudumia bila malipo wenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, na kazi hufanywa kupitia mashirika yale yale yanayoshughulikia WAP. Mwombaji hana haja ya kujua dola ipi imetoka wapi. Mafungu huunganishwa nyuma ya pazia. Huenda kwenu Maine au Kentucky mambo si hivyo, na ndiyo maana nahofia kumwambia mtu wa jimbo lingine kwamba hii au ile ni bora bila kujua anakaa wapi.

Lakini ikiwa joto limo ndani ya kodi yenu, na bili anailipa mwenye nyumba, fikirini kabla ya kuhangaika: mtapata nyumba isiyo na upepo, na hilo ni jema kwa watoto wenye pumu, ila akiba ya fedha haitaonekana mfukoni mwenu.

Dada wa Dallas (Texas)

Naomba tusiwasahau walioko kusini. Neno baridi limetajwa hapa mara nyingi mno, lakini WAP uko katika majimbo yote 50, na huku Texas adui ni jua. Dari tupu chini ya paa la lami huwa moto mno mchana wa mwezi wa nane, na kiyoyozi hufanya kazi usiku kucha. Kuziba mifereji ya hewa ya kiyoyozi inayopita darini na kuongeza kihami joto juu ya vyumba hupunguza bili ya umeme kwa njia ile ile ambayo kwenu hupunguza mafuta. Msaada wa bili huku huitwa CEAP, kwa hiyo anayeuliza habari za LIHEAP anaweza kuambiwa hapana na mtu asiyejua kwamba ni fedha zile zile. Ukipiga simu namba 211, katika majimbo karibu yote, utaelekezwa ofisi inayohudumia kaunti yako, nawe unaweza kuomba mkalimani.

Kuhusu njia ya nne sina mengi. Mpira wa chini ya mlango na mapazia mazito upande wa magharibi vinasaidia, lakini havifiki darini.

Mzee wa Portland (Maine)

Fundi, maelezo yako nimeyaelewa na nimeyapokea. Nabaki na hoja moja. Familia ambayo tanuri lake limekufa haiwezi kuambiwa izibe kwanza; ikiwa chombo chenyewe hakiwaki, dari iliyoshiba selulosi haitoi joto. Katika hali hiyo waulizeni watu wa HEAP kuhusu matengenezo au ubadilishaji wa tanuri, kwa sababu majimbo huruhusiwa kutumia hadi asilimia 15 ya fedha za LIHEAP, na kwa kibali maalumu hadi asilimia 25, kwa ukarabati wa aina hii.

Na kuhusu njia ya nne, dada, huku kwetu si ya kudharauliwa kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba amekataa kabisa kutia sahihi. Kuna shirika la WindowDressers, lenye makao Rockland, ambalo wajitoleaji wake hukusanyika kila vuli kutengeneza fremu za mbao zilizowambwa plastiki tabaka mbili, za kuingizwa ndani ya dirisha majira ya baridi na kutolewa majira ya joto. Wenye kipato kidogo huzipata bure, na mpangaji akihama huondoka nazo, ingawa zimekatwa kwa vipimo vya madirisha yale. Vipimo huchukuliwa miezi kadhaa kabla ya baridi. Anayekumbuka mwezi wa kumi na mbili amechelewa.

Mkazi wa Lewiston (Maine)

Nawashukuru wote. Mzee, hoja ya tanuri lililokufa naikubali bila mabishano, na hoja ya dharura pia: penye dharura, bili na tanuri vinatangulia. Ninachosisitiza ni kwamba familia isiishie hapo. Hata pale msaada wa bili unapokuwa ndio wa kwanza kupatikana, fomu yake ndiyo mlango wa fomu ya pili, kwa sababu majimbo yanaruhusiwa kuitumia sifa ya LIHEAP kuwa sifa ya WAP, na anayepokea SSI (fedha za serikali kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo) au TANF (msaada wa fedha kwa familia maskini zenye watoto) huhesabiwa kuwa na sifa moja kwa moja. Katika ofisi nyingine kuna kisanduku kimoja tu cha kutia alama, kinachouliza kama unataka nyumba yako ichunguzwe kwa ajili ya kuhifadhi joto. Nimeona fomu nyingi ambazo kisanduku hicho kimeachwa kitupu, na sababu ni kwamba aliyejaza hakuelewa swali.

Kuna mambo manne niliyoulizwa faraghani, nami nayajibu hapa ili wote wafaidike.

Karatasi zinazotakiwa kwa kawaida ni uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima wa kaya, namba za Social Security, bili za karibuni za mafuta, gesi au umeme, na hati ya nyumba au mkataba wa upangaji. Kipato kinachohesabiwa ni cha kaya nzima, kwa hiyo kijana anayefanya kazi na kuishi nanyi msimwache nje ya fomu. Ikigundulika baadaye mtasumbuliwa.

Kuhusu lugha, ofisi inayopokea fedha za shirikisho haipaswi kumnyima mtu huduma kwa sababu hajui Kiingereza. Huo ni msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ombeni mkalimani wa simu wa Kiswahili, na kama kuna anayezungumza Kinyamulenge au Kibembe vizuri zaidi, aseme hivyo. Tusiwatume watoto wakalimani. Mtoto wa miaka 11 hawezi kueleza asbesto ni nini.

Kuhusu hofu ya uhamiaji, wakimbizi na waliopewa hifadhi wamesamehewa na sheria yenyewe katika kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali, kile kinachoweza kumnyima mtu ukaazi wa kudumu, kwa hiyo hofu hiyo isiwazuie. Wenye hadhi nyingine wasisikilize maneno ya kanisani wala ya sokoni, wala yangu mimi. Wamuulize mwanasheria wa uhamiaji aliyeidhinishwa, kwa kuwa masharti ya misaada kwa wahamiaji yamekuwa yakiguswa tangu 2025.

La mwisho ni la waliokuta nyumba waliyonunua ilishazibwa na mpango huu zamani. Sheria ya sasa inaruhusu nyumba ihudumiwe tena ikiwa imepita miaka 15 tangu kazi ya kwanza. Ulizeni mwaka wa kazi ile. Ofisi ina kumbukumbu. Na unafuu wa kodi wa shirikisho kwa kazi za kuhifadhi nishati nyumbani, ambao baadhi yenu mliuliza, ulikoma kwa kazi zilizofanyika baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Hata ulipokuwepo, haukumfaa asiyedaiwa kodi ya mapato, kwa hiyo msimlipe mtu anayewaahidi kuupata.

Mama wa Louisville, ukishaipata ile barua ya kuahirishwa, iandike hapa orodha ya matatizo bila kutaja anwani yako, fundi na mimi tuitazame pamoja nawe kabla hujaenda idara ya makazi. Kwa Maine, wanaotaka kuomba msimu huu wapige simu sasa kuomba miadi, kwa maana nafasi za vuli hujaa mapema.